Mama Mkwe, Bolti Imetoka

Mpendwa Mama mkwe,

Najua mkwe wa kiume hamwandikii mama mkwe barua. Kwenu Buganda haifanyiki, na kwetu Bungoma haifanyiki vilevile. Katika hili wazee wa pande zote mbili walikuwa na msimamo mmoja hata kabla mimi na Sanyu hatujaonana. Lakini wewe hauko tena, kesho ukoo wako unakutana kufunga msiba wako, na mimi nina neno ambalo siwezi kumpa mtu mwingine alifikishe. Kwa hiyo nimekaa hapa barazani Kawempe, mikono ina grisi hadi kwenye viwiko ingawa nimeinawa mara mbili kwa sabuni ya unga, na ninakuandikia wazi. Anayetaka kusoma asome.

Kwanza habari ya gari. Bolti imetoka. Ile iliyokatika juzi kule nyuma kabisa, inayoshika bomba la kukusanya moshi kwenye kichwa cha injini, nimeitoa mwenyewe, hapa nyumbani, leo kabla ya saa sita. Najisifu, na sioni haya. Ungekuwepo ungenisifu pia, ingawa usingeniambia mimi. Ungemwambia kuku.

Hili la kuku inabidi nilieleze, maana wapo watakaosoma wasielewe tulivyokuwa tukiongea. Kwa desturi mkwe hamgusi mama mkwe, hali naye meza moja, hakai naye chumba kimoja, wala hamtazami usoni. Na watu wenu husema anayevunja mwiko huo hushikwa na obuko: mikono huanza kutetemeka na haiachi tena mpaka kaburini. Basi kila Jumamosi ulipokuja kumwona mjukuu wako, kiti chako kilikuwa jikoni, nyuma ya lile pazia la maua, mgongo umeuelekeza mlangoni na mikono umeifutika ndani ya mshipi wa gomesi, lile vazi lenu refu. Mimi nilikuwa uani na pikapu langu. Kati yetu hapakuwa na zaidi ya hatua nne. Sanyu ndiye aliyekuwa posta. Wewe ulisema, "Sanyu, uliza huyo bwana kama alikula," nami nikajibu, "Mwambie mama nimekula," na Sanyu, huku akikatakata vitunguu, alikuwa hata hajisumbui kurudia maana kila mmoja alishasikia.

Tatizo lilikuwa Sanyu akitoka. Siku ya kwanza alipokwenda sokoni akatuacha, tulinyamaza karibu saa nzima. Mimi nilikuwa nahangaika na nati ya gurudumu iliyoshika kutu, nikiilazimisha, na nadhani sauti ya spana ikiteleza ilikuchosha roho. Nikasikia kutoka nyuma ya pazia, "Wewe kuku. Ambia mwenye gari, hiyo hapana fungua na nguvu. Kwanza kaza kidogo, arafu fungua." Kuku alikuwa anachakura pembeni ya ndoo, hana habari. Nikakaza kidogo, kutu ikalia, nikafungua, nati ikaja bila matata. Nikamwambia kuku asante. Ukamjibu kuku kwamba si neno.

Tuliishi hivyo miaka minne, na nasema bila kupepesa macho kwamba sijawahi kuwa na mwalimu bora. Mimi kazi yangu ni karatasi. Nachapa na kujalidi tasnifu za wanafunzi pale Wandegeya, na injini niliijua kwa kuiangalia tu. Wewe ulikuwa umeuza spea Nakivubo tangu Sanyu anatambaa: bolti, nati, gasketi, beringi, vitu vidogovidogo ambavyo wenye maduka makubwa hawana subira navyo. Wakenya walinunua kwako, Wakongomani walinunua kwako, na Kiswahili chako kilitoka hapo, juu ya kaunta. Sanyu amenisimulia jinsi fundi alivyokuwa akikupa bolti iliyochakaa, ukapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya meno yake, ukaingiza mkono kwenye kopo bila kutazama ukatoa inayofanana. Mimi mwenyewe sikuwahi kufika dukani. Nilimtuma mwenzangu wa kazini, bila kutaja jina langu, na kila mara alirudi na kitu kizuri kuliko alichoagizwa. Ulijua. Alikuwa akikutajia gari, na gari ulilijua.

Sasa nije kwenye siku ile, siku ya bolti ya kwanza.

Gari lilikuwa limeanza kugonga kila asubuhi likiwa baridi, tik-tik-tik, halafu likipata moto linanyamaza. Wewe ndiye uliyemwambia kuku kwamba ule si ugonjwa wa injini, ni moshi unaopenya pembeni, na kwamba nikichelewa utaingia ndani na kumwumiza mtoto. Nikafungua, nikakuta kweli bolti moja imekatika, imebaki kipande kimezama sawasawa na uso wa chuma. Sanyu alikuwa amempeleka mtoto kliniki. Nikatoboa katikati ya kipande, nikaingiza kile chuma cha meno ya kushoto wanachotumia kung'olea bolti zilizokatika, nikashika mpini wake kwa mikono miwili na kuanza kuzungusha. Hakikwenda. Nikaongeza nguvu. Nilikuwa na hasira, maana jirani alikuwa ameegemea ukuta akitazama, na mwanaume akitazamwa hukosa akili.

Hukumtuma kuku. Nilisikia kiti kikisukumwa, pazia likafunguka, na kabla sijaelewa kilichotokea mkono wako ulikuwa juu ya mkono wangu. Ukasema neno moja, "Acha." Nikaacha. Ukasema tena, taratibu, macho yako kwenye injini na yangu chini, "Hii ikikatika ndani, hakuna drili nakata hii. Gari naenda skrepu. Ita mtu wa kuchomerea." Kisha ukageuka ukarudi jikoni na kuketi kama awali, mgongo mlangoni.

Fundi wa mageti wa barabara ya pili alikuja na mashine yake, akaweka nati juu ya kile kipande akaichomelea, tukaacha wekundu upoe, tukagusisha mshumaa nta ikayeyuka ikazama pembeni, tukakaza kidogo, tukafungua. Ikatoka kama inatoka kwenye siagi. Nilikushukuru kupitia kuku na ukakohoa. Kuhusu ule mkono hatukusema kitu, wewe wala mimi.

Kosa langu lilikuja mwezi uliofuata, na ni kosa la mdomo. Tulikuwa na wageni, Ssenga akiwa mmoja wao, yaani shangazi yake Sanyu, dada wa mumeo, ambaye mambo ya desturi kwenye ukoo yako mikononi mwake. Nikaisimulia hadithi ya bolti kama kichekesho, mpaka pale ulipotoka jikoni na kunishika mkono. Nilitaka watu wacheke na walicheka. Ssenga aliweka kikombe chini. Baada ya wiki chache, kwenye arusi, watu wakaona chai ikikumwagikia kifuani. Mikono yako ilikuwa inatetemeka mbele ya macho ya kila mtu, na kila aliyeuliza alipewa jibu moja: yule Mkenya alimgusa.

Mama, nililibeba lile jambo. Ulipoacha kuja Jumamosi, nilijua kwa nini. Ulipoacha duka, nilijua kwa nini. Kila asubuhi nilinyanyua kikombe changu na kukitazama kama chai inatikisika, nikisubiri zamu yangu. Ulipofariki walinionyesha mahali pa kukaa, mbali, nyuma ya hema la wapishi, na sikubisha. Mtu niliyempenda kama mzazi nimemwua kwa kushikwa mkono na kucheka mezani. Ndivyo nilivyoamini kwa mwaka mzima na zaidi.

Jumatatu hii Ssenga akapiga simu. Kesho, kabla ya mrithi wako kuvalishwa vazi la urithi, anataka nisimame mbele ya ukoo, nitoe mbuzi, na niseme kwa mdomo wangu kwamba nilivunja mwiko na ndipo obuko ilipokushika. "Kama hapana sema, hiyo kitu itaingia kwa watoto," aliniambia. "Na kama hapana taka kusema, baki Kawempe. Sanyu atakuja peke yake." Nikamwambia nitasema. Sikuwa na ubishi ndani yangu. Sanyu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, akaingia ndani, na usiku huo hakula.

Halafu Jumatano bolti ya pili ikakatika, nikiwa nimeshaahidi kubeba hema, masufuria na shangazi watatu. Gereji waliniambia kichwa cha injini lazima kivuliwe, nirudi baada ya wiki. Nikawaambia asanteni. Nikalileta gari nyumbani pole pole, madirisha wazi, nikaanza kumwagia kile kipande dizeli iliyochanganywa na mafuta ya breki, asubuhi na jioni, kama mtu anayempa mgonjwa dawa. Leo nimeomba ruhusa kazini. Nilikuwa nimepanga kumwita fundi wa mageti, lakini umeme wa Kawempe nzima umekatika tangu alfajiri na mashine yake ni ya umeme. Kilichobaki ni drili ya betri tunayotumia kazini kutoboa marundo ya karatasi, na mikono yangu.

Na kazi yenyewe, wewe unajua, ni ya mikono. Kipande kilikuwa kimekatikia ndani, chini ya uso wa chuma. Ukikosea katikati kwa unene wa ukucha, drili inakula meno ya kichwa cha injini na hapo huna gari. Nikapiga alama. Nikatafuta kijibomba cha chuma kinachoingia sawasawa kwenye tundu, ili drili ipite ndani yake isitangetange. Hilo nalo ulimfundisha kuku. Sanyu alishika tochi ya simu kwa mkono mmoja na kioo kidogo kwa mwingine, kwa sababu kule nyuma jicho halifiki. Nikaanza na drili nyembamba kabisa.

Chuma kilipoanza kuliwa, nikahisi mtetemo kwenye kiganja. Mdogo, wa haraka, usio na pumzi. Nikazima drili. Nikafikiri, basi, ndiyo hiyo, imefika. Nikanyoosha mkono mbele ya Sanyu.

"Angalia. Inatetemeka?"

"Hapana. Mkono wako iko sawa."

Nikautazama mwenyewe. Ulikuwa umetulia kama umelala. Ni drili tu iliyotetemeka. Lakini ule mtetemo niliufahamu. Nilikuwa nimewahi kuuhisi, juu ya mkono huuhuu, mbele ya injini hiihii, na siku ile nilidhani ni mimi, ni hofu yangu ya kushikwa na mama mkwe. Nilikaa chini kwenye tairi.

"Sanyu," nikasema. "Siku ile mama aliponishika, mkono wake ulikuwa unatetemeka tayari. Kabla ya chochote. Ulipotua tu juu ya wangu, ulikuwa unatetemeka."

Mwanao hakushtuka. Alizima tochi, akaweka kioo juu ya boneti, akalia. Nilimwacha alie. Baadaye akasema, "Mama ilikuwa natetemeka tangu mimi bado na mimba. Dukani ilikuwa namwaga nati, anasema ni macho. Kwako anaficha mikono kwenye mshipi. Alinikataza kusema."

"Na Ssenga alipoanza kunilaumu?"

"Nikamwambia mama, sasa mkwe anaonewa. Akasema, wakijua ni ugonjwa watasema nimerogwa, hakuna mtu atanunua kwangu, na mdogo wako bado anasoma. Akasema acha waseme ni obuko. Mkwe iko na bega, atabeba."

Hapo nilikukasirikia, Mama. Nakuambia kwa sababu hii ni barua ya ukweli. Nilitembea mpaka barabarani na kurudi, nikiongea peke yangu. Ulinijua kiasi cha kujua uzito ninaoweza kubeba, na ulikuwa sahihi, bega ninalo. Lakini hukuniuliza. Miaka yote ile ya kuku na pazia, ungeweza kumwambia kuku, "Ambia mwenye gari naumwa, anifichie." Ningekuficha. Ningesimama mwenyewe mbele ya Ssenga na kusema ndiyo, ni mimi, na ningelala usingizi wangu, kwa sababu ningekuwa nakusaidia badala ya kudhani nimekuua. Ubaya wako wote ni huo mmoja, na nimeusema, na sitaurudia.

Nikarudi kwenye gari. Sanyu alikuwa bado amesimama palepale, anadhani nitamfokea. Naye nilikuwa na la kumwambia, na tutaambiana, maana mwaka mzima wa kuniona nikikagua kikombe changu asubuhi ni mrefu. Lakini nilimwomba tu awashe tochi. Akawasha.

Nikatoboa hadi mwisho kwa ile nyembamba. Nikaweka ya pili, kisha ya tatu, kila moja nene kidogo, nikisimama kupuliza unga wa chuma na kutia mafuta. Kiasi cha saa nne na nusu kipande kilikuwa kimebaki ngozi tu. Nikakigonga kidogo kwa ncha, kikajikunja, na meno yake yakaja kwenye koleo moja baada ya jingine kama waya mwembamba. Nikaingiza bolti mpya kwa vidole vitupu. Iliingia hadi chini bila kukwama. Sikuwahi kusikia raha kama hiyo kwenye ncha za vidole. Nikapaka grisi, nikaweka gasketi mpya, nikafunga kila kitu kuanzia katikati kwenda pembeni, na nilipowasha gari, likawaka kimya. Sanyu alicheka huku machozi hayajakauka. Akasema, "Mama angekohoa."

Nikamwuliza kama naweza kuandika haya yote, pamoja na siri uliyomwapisha. Alifuta machozi. Kisha akasema, "Andika. Mdogo wangu amemaliza shule, na mama hauzi tena spea. Lakini andika na heshima."

Nimejitahidi. Sikuandika kwamba ulidanganya, kwa sababu sioni hivyo. Uliona watu watakimbia duka la mwanamke mgonjwa lakini hawatamkimbia mwanamke aliyekosewa na mkwe, ukachagua, na mdogo wake Sanyu akamaliza shule. Mimi nilikuwa sehemu ya bei uliyoilipa. Leo, baada ya hasira kupita, naona si mahali pabaya pa kuwa.

Kesho tutaondoka asubuhi na mapema, na shangazi watatu nyuma pamoja na masufuria. Sitakaa nyuma ya hema la wapishi. Ssenga ataniita, na ataniuliza mbele ya ukoo kama niligusana na wewe. Nitasema ndiyo, na sitainamisha kichwa. Nitasema mama huyu alikuwa mgonjwa tayari, mikono yake ilikuwa imeanza kumkana, na alijua vizuri watakachosema watu wakimwona. Hata hivyo aliinuka kwenye kiti, akafungua pazia, akanishika, kwa sababu mkwe wake alikuwa karibu kuharibu gari ambalo lingembeba mjukuu wake. Mbuzi nimemnunua. Ni wa kuliwa, tumle pamoja. Wa kosa hayupo.

Pumzika, Mama. Nimekuita hivyo mara kadhaa humu, bila kuongeza "mkwe", na mkono wangu unaoandika haujatikisika.

Mkwe wako wa Kawempe,
mume wa Sanyu